Mwongozo kamili: namna ya kutazama watoto wanavyochangamana, ukarudi na data sio hadithi

Mwongozo huu ni wa wale wanaosoma ualimu wa maandalizi, saikolojia, ustawi wa jamii, na yeyote aliepewa kazi ya "nenda katazame watoto wanavyohusiana alafu uandike ripoti". Tatizo ni lilelile kila mwaka. Mtu anakaa barazani siku kadhaa, anajaza daftari zima, akimpelekea supavaiza anaambiwa humu hamna kitu. Na kweli hamna, mana daftari limejaa "huyu mkorofi", "yule ana aibu", "hawa wanapendana sana", yani maoni ya aliekaa barazani. Watoto wenyewe walifanya nini haijulikani. Aibu huwezi kuihesabu. Unachoweza kuhesabu ni mara ngapi mtoto kawasogelea wenzake kisha akarudi nyuma bila kusema kitu.

Kwahiyo hatua zote hapa chini zinakupeleka pahala pamoja: uamue kabla hujatoka nyumbani unaandika nini, unamtazama nani na kwa muda gani, kiasi kwamba mtu mwengine akikaa pembeni yako aandike kitu hichohicho.

Mfano nitakaoutumia ni watoto wa miaka 4 mpaka 6 wanaocheza jioni kwenye uwanja wa mtaa, hapa Zanzibar, iwe Jang'ombe, Fuoni au Konde kule Pemba. Kama wewe unakwenda skuli wakati wa mapumziko, hatua ni zilezile.

Vitu vya kuwa navyo

- Penseli tatu na kichongeo. Peni zinakataa karatasi ikishaingia jasho au manyunyu.
- Ubao mdogo wa kubania karatasi. Daftari la kawaida linajikunja ukiandika huku umesimama.
- Fomu zilizotolewa fotokopi. Toa zaidi ya unazohitaji, zitaharibika.
- Simu yenye programu ya taima inayotetema kila sekunde 20 na 10. Iweke mfukoni, mtetemo utausikia pajani. Ukiishika mkononi watoto watakuzunguka wapigwe picha na hapo kazi imeisha.
- Karatasi ya namba za watoto (W1, W2, W3...) na nyengine tofauti yenye majina, hii ya pili haitoki nyumbani.
- Barua zako zote, original na kopi.
- Mwenzako mmoja atakaejifunza fomu hii na wewe. Usimsahau, bila yeye hatua ya 6 haifanyiki, na bila hatua ya 6 data yako ni neno lako tu.

Hatua ya 1: Lifanye swali lako liwe dogo

"Mahusiano ya watoto wa Zanzibar" sio swali, hilo ni jina la maktaba. Swali linalotazamika ni kama hili: watoto wa miaka 4 mpaka 6 jioni mtaani wanatumia sehemu gani ya muda wao kucheza peke yao, sambamba na wenzao, au kwa ushirika, na je ikoje anapokuwepo mtoto mkubwa wa zaidi ya miaka 9?

Jipime hivi: chukua kila neno kubwa kwenye swali lako ujiulize "hili nitaliona kwa macho au kulisikia kwa masikio?" Kama jibu ni hapana, libadilishe. Upendo, heshima, kujiamini, hayo yanahojiwa, hayatazamwi.

Hatua ya 2: Ruhusa, na kwa mpangilio wake

Anza na barua ya chuo. Ukiwa skuli barua inapita wizarani kwanza ndio ifike kwa mwalimu mkuu, ukiwa mtaani inakwenda kwa sheha, yani kiongozi wa shehia. Kama ni utafiti kamili wa shahada unahitaji kibali cha utafiti cha Zanzibar, na wale mnaotokea vyuo vya Bara msije mkadhani kibali cha huko kinatosha huku, hakitoshi. Ulizeni ofisi ya utafiti ya chuo mapema, sio wiki ya kuanza.

Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, namba 6 ya mwaka 2011, mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, kwahiyo idhini ya mzazi lazima. Nenda nyumba kwa nyumba, piga hodi, kaa, ueleze kwa lugha ya nyumbani. Ukiwa mwanamme nenda na mama mmoja wa shehia hiyo anaejulikana, itakurahisishia sana na itawapa kina mama nafasi ya kukuuliza wanayotaka. Waambie mambo matatu wazi: hupigi picha, huandiki majina, na wakiamua mtoto wao atoke atatoka bila ya maneno.

Na mtoto nae ana haki yake. Akikuuliza "unaandika nini?" mjibu "naandika michezo mnayocheza". Akikukimbia au akificha uso kila ukimtazama, muache siku hiyo.

Amua sasaivi pia utafanya nini ukimuona mtoto anaumizwa. Hatari ya papohapo (kisima, gari, kisu) unaacha karatasi unakwenda. Ukiona dalili za kudhulumiwa unamwambia supavaiza wako na afisa ustawi wa jamii wa wilaya, hutatui mwenyewe barazani. Liandike hili kwenye mpango wako kabla, mana siku ikitokea utababaika.

Hatua ya 3: Nenda ukazoeleke, na uchore ramani

Siku za mwanzo usikusanye kitu. Watoto wakiona mgeni wanabadilika, wengine wanajionesha, wengine wanajificha, na wakubwa nao wanaanza kuwakemea "chezeni vizuri kuna mgeni". Mary Ainsworth, mwanasaikolojia wa watoto, alipokuwa akitazama watoto wachanga na mama zao karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, alikuwa akirudi nyumba zilezile kila baada ya wiki mbili hivi kwa miezi. Wewe huna miezi lakini una siku tatu nne. Kaa pahala pamoja, vaa kawaida, usigawe peremende hata kidogo, mana ukigawa siku moja watakucheza wewe badala ya kucheza wenyewe.

Siku hizo chora ramani ya uwanja: mti uko wapi, bomba, duka, baraza la wazee, wapi wanakaa wasichana wakubwa. Na uandike saa za mtaa. Mchana wengi wako chuoni wanasoma Qur-ani, wanarudi baada ya alasiri, na magharibi ikikaribia wanaitwa majumbani wote kwa mkupuo, kwahiyo muda wako wa kweli ni kama saa moja na nusu tu. Ramadhani ratiba yote inageuka, na Pemba msimu wa karafuu watoto wanakwenda mashamba na wazazi au wako kwenye majamvi ya kuanikia, hapo usilinganishe na mwezi wa kawaida.

Onyo dogo lenye kuharibu kazi za watu: kwenye fomu chagua saa ya aina moja. Ukiandika "10:15" leo kwa kumaanisha saa kumi na robo, kesho ukaandika "16:15" kutoka kwenye simu, mwisho wa wiki hutojua lipi ni lipi.

Utajua umeshazoeleka pale watoto wanapokupita bila kukutizama, na bibi wa barazani haulizi tena wewe mtoto wa nani.

Hatua ya 4: Andika maana ya kila kitendo

Hapa ndio pa kukaa zaidi, na ndio watu wanaporuka.

Wengi hutumia mgawanyo wa michezo wa mtafiti Mildred Parten, uliochapishwa 1932 baada ya kuwatazama watoto wa nasari huko Minnesota, Marekani, kila mmoja kwa dakika moja moja. Ni makundi sita, na nimeyaweka kwa mifano ya hapa:

- HS, hana shughuli: kasimama au anazurura, hachezi na kitu na wala hatazami mchezo wa mtu.
- PK, peke yake: anacheza na kitu chake, wenzake wako mbali zaidi ya hatua tatu au wako karibu lakini wana mambo mengine kabisa.
- MT, mtazamaji: anatazama wenzake wanavyocheza, anaweza hata kuuliza kitu, lakini hajaingia.
- SB, sambamba: yuko karibu na mwenzake, vitu vya aina moja, kila mtu na lake. Wawili wanajaza mchanga kwenye vifuu, bega kwa bega, hakuna anaemshughulikia mwenziwe.
- MC, mchanganyiko: wanapeana vitu, wanasemezana, mchezo ni mmoja ila hamna aliegawa kazi wala sheria.
- US, ushirika: kuna lengo au sheria, kila mmoja ana nafasi yake. Nage, mdako wa zamu, kibe, au kupika mchanga ambapo huyu ni mama, yule muuzaji, na yule mwengine kaja kununua.

Watu wawili watabishana zaidi baina ya SB na MC. Weka sheria: pakitokea kupeana kitu au mtoto akasema na akajibiwa, ni MC. Akisema mwenyewe bila kumtizama mtu na hamna aliemjibu, bado SB. Unaweza kuweka sheria yako nyengine, mradi iwe imeandikwa.

Alafu Parten alikuwa ndani ya nasari, watoto wadogo watupu, vitu vya kuchezea vipo, mwalimu yupo. Mtaa wetu sio hivo. Utamkuta mtoto wa miaka 6 anacheza nage huku kambeba mdogo wake kiunoni, au anaitwa katikati ya mchezo "we njoo uende dukani". Ukilazimisha haya yaingie kwenye makundi sita utapoteza jambo zuri kuliko yote uliyoliona. Ongeza alama zako: ML kama kashika au anamuangalia mdogo (hii inaandikwa pamoja na nyengine, mfano US+ML), KT kama kaitwa au katumwa na mkubwa, na HO kama haonekani. Binafsi naona kazi ya mwanafunzi wa hapa inayokosa ML haijautazama mtaa vizuri.

Jengine la kuandikia maana ni ugomvi, mana mieleka ya utani inafanana na kupigana. Tazama nyuso kama wanacheka, tazama kama aliekuwa juu nae anakubali kwenda chini, na zaidi tazama baadae: wa utani wanabaki pamoja, waliogombana kweli mmoja huondoka au hulia. Kwahiyo usikimbilie kuandika "ugomvi" sekunde ya kwanza.

Ukimaliza, mpe mtu asiesoma somo lako hiyo karatasi. Kama anaweza kukutajia mfano sahihi wa kila alama bila kukuuliza, maana zako ziko sawa.

Hatua ya 5: Chagua namna ya kurekodi

Zipo njia tatu, na kosa kubwa ni kuchagua kwa mazoea.

Maelezo yanayofuatana, unaandika kila kitu kwa mtoto mmoja kwa dakika 10 au 15. Nzuri mwanzoni, ukiwa hujui bado nini kipo. Gawa ukurasa mara mbili: kushoto ulichokiona na kusikia, kulia unachodhani. Angalia tofauti:

Vibaya: "W3 mkorofi, kamuonea W7."

Vizuri: "W3 kakishika kifuu cha W7, kakivuta. W7: 'nipe changu!' W3 kakimbilia nyuma ya mwembe. W7 hakumfata, kakaa chini, kaanza kuchimba kwa kidole."

Maneno ya mtoto yaandike kama alivyoyasema, Kipemba kibaki Kipemba.

Sampuli ya tukio, unasubiri jambo maalumu litokee ndio uandike lote. Hii ni kwa mambo ya nadra kama ugomvi. Helen Dawe aliifanya hivi kwenye kazi yake ya 1934, alikusanya ugomvi 200 wa watoto wadogo, akaandika ulianzaje, nani alifanya nini, maneno gani, uliishaje na nini kilifuata. Kwa wastani ugomvi ulichukua chini ya nusu dakika, kwahiyo ukiwa unachonga penseli umekupita.

Sampuli ya muda, unatazama kwa vipande vilivyopimwa. Hii ndio ya mfano wetu, mana mchezo upo muda wote. Sekunde 20 unatazama, 10 unaandika. Kila mtoto vipande vinne mfululizo (dakika 2), kisha unahamia kwa anaefuata. Watoto 12 ni dakika 24 kwa mzunguko mmoja, jioni moja unapata mizunguko miwili ukapumzisha na macho. Siku tano zinakupa vipande 40 kwa kila mtoto, jumla 480. Kipande kikiwa na vitendo viwili andika kilichochukua muda mrefu zaidi.

Mpangilio wa watoto upige kura kila siku kwa vikaratasi. Jeanne Altmann, aliekuwa akitafiti nyani wa Amboseli huko Kenya, alilieleza vizuri mwaka 1974: ukitazama ovyo, jicho linakwenda kwa lenye makelele. Kwa watoto ni hivohivo, yule mwenye sauti atajaa kwenye fomu na yule aliekaa kwenye kizingiti atapotea, na pengine yeye ndie ungemhitaji.

Hatua ya 6: Zoezi la watu wawili

Wewe na mwenzako mnakaa mbalimbali, hamsemeshani, mnamtazama mtoto mmoja kwa taima zilizoanzishwa pamoja. Mkimaliza vipande 40 linganisheni.

Tuseme mmegawa kwa makundi mawili tu ili hesabu iwe nyepesi: "na wenzake" na "sio na wenzake". Vipande 20 wote mmesema na wenzake, 12 wote mmesema sio, 5 wewe umesema na wenzake mwenzako kakataa, 3 kinyume chake. Mmekubaliana 32 kwa 40, asilimia 80. Hapo wengi wanashangilia.

Subiri. Hata watu wawili waliofumba macho watakubaliana baadhi ya mara kwa bahati tu, ndio mana kuna kapa, kipimo cha makubaliano cha Jacob Cohen cha 1960 kinachoitoa ile bahati. Wewe umesema na wenzake mara 25 na sio mara 15, mwenzako 23 na 17. Bahati ni (25×23 + 15×17) ÷ (40×40), yani 830 ÷ 1600, kama 0.52. Kapa ni (0.80 − 0.52) ÷ (1 − 0.52), inakuja 0.58. Ile asilimia 80 imeshuka mpaka hapo.

Wengi hutaka angalau 0.60, na 0.70 kwenda juu ndio unapumua. Kwahiyo hii 0.58 bado. Msirekebishe fomu ili zifanane, hiyo ni kughushi. Tafuteni vile vipande 8 mlivyopishana, muulizane kila mmoja aliona nini, muongeze sheria kwenye karatasi ya maana, mrudi uwanjani na mtoto mwengine kwa vipande vipya. Na mkishafika pazuri msiache, rudieni kupimana katikati ya wiki, mana mtu akichoka anaanza kubadilisha maana kidogokidogo bila kujijua.

Hatua ya 7: Siku ya data

Fika mapema, jaza juu ya fomu tarehe, saa, hali ya hewa, wakubwa wangapi wapo. Taima ikitetema andika, hata kama jibu ni HO. Usirudi nyuma kujaza kwa kumbukumbu, kipande ulichokikosa kiwekee mstari. Mvua ikianza funga kazi, watoto wote watajibana chini ya bati moja na wataonekana "ushirika" wakati wanajikinga tu.

Usiku huohuo pitia fomu, panapohitaji maelezo andika pembeni kwa rangi nyengine. Ukilala ukaacha mpaka Ijumaa hutojua ulimaanisha nini.

Hatua ya 8: Kuhesabu

Anza kwa kila mtoto peke yake. W1 ana vipande 40, toa vya HO (tuseme 5), baki 35, kama 14 ni US basi ushirika wake ni asilimia 40. Fanya kwa wote 12, ndio uchukue wastani, na uoneshe wa chini kabisa na wa juu kabisa.

Kosa ninaloliona mno: mtu anaandika "sampuli 480". Hapana! Una watoto 12. Vipande 40 vya mtoto mmoja vinatoka kwa mtoto huyohuyo, mwenye siku yake na tabia yake, ukivichukulia kama watu 480 tofauti kila kitu kitaonekana kina maana kubwa wakati sio.

Vipande vya KT usivitupe. Linganisha wasichana na wavulana nani anaitwa na kutumwa katikati ya mchezo, pengine hapo ndipo ripoti yako yote ilipo.

Hatua ya 9: Kuandika ripoti, na karatasi zinazobaki

Sema wapi, mwezi gani, saa ngapi, watoto wangapi, umri (na uliujuaje, kwa mzazi au kwa kukisia), sheria za alama zote, na kapa uliyoipata pamoja na vipande vingapi mlipimana. Usiseme "watoto wa Zanzibar hucheza hivi", sema watoto 12 wa uwanja huu, jioni, mwezi huu. Na usiseme kuwepo kwa mtoto mkubwa "kumesababisha" ushirika, huenda mkubwa ndie aliefata mchezo uliokuwa umeshanoga.

Ripoti ikikubaliwa rudi kwa sheha na kina mama uwaeleze ulichokiona, bila kumtaja mtoto wa mtu. Ile karatasi ya majina ichanechane na uichome mwenyewe. Usiitupe jalalani wala usiiache na makaratasi mengine ya kuuza, utakuja kuikuta dukani imekunjwa imetiwa njugu.